Mlio wa Gesi

Kila asubuhi Solène Haas alikuwa akimngoja Myriam Weill darajani, kisha wakienda shule pamoja wakigawana mkate wa siagi. Walikuwa na miaka kumi na miwili, na pale Colmar, mji wa mashariki mwa Ufaransa, ilikuwa nadra kumwona mmoja bila mwenziwe.

Mambo yaliharibika baada ya somo la historia. Mwalimu aliwaeleza jinsi Wanazi walivyowaua mamilioni ya Wayahudi, wengi wao kwa gesi ya sumu. Wakati wa mapumziko, Gaspard, kinara wa darasa, alimsogelea Myriam, Myahudi pekee darasani, akabana meno na kutoa mlio kama wa gesi inayovuja: "Sssss." Watu wakacheka. Kufikia wiki ya pili, takriban darasa zima lilitoa mlio ule kila Myriam alipopita. Siku moja alipolia, Gaspard alimwuliza analilia nini, ilhali benki zote ni za Wayahudi.

"Si mnunue shule yenu," akamwambia.

Solène alinyamaza, mpaka Gaspard alipomgeukia yeye.

"Au na wewe ni wa kwao?"

"Mimi? Hata kidogo."

Mchana ule, kwenye ukumbi wa chakula, Myriam alipokuwa akipita na sinia lake, Solène naye alibana meno. Myriam akasimama. Hakumtazama Gaspard, alimtazama Solène mdomoni. Akaliweka sinia mezani polepole, akatoka, na kesho yake hakuja.

Mkuu wa shule, Madamu Ostertag, alipouliza, darasa lilijibu kwamba ulikuwa utani tu, tena hakuna ajuaye nani aliuanza. Solène akainamisha kichwa.

Jumamosi alikwenda kwa kina Myriam. Mlango ulifunguliwa na bibi yake Myriam. Solène akasema amekuja kumjulia hali rafiki yake. Bibi hakumkaribisha ndani.

"Mama yangu alikuwa na umri wako Wanazi walipowafukuza Wayahudi mji huu, mwaka 1940," alisema. "Baba yake aliishia kwenye hiyo gesi mnayoiigiza. Sura za askari waliowatoa nyumbani mama alizisahau. Aliyemkumbuka mpaka kufa ni binti wa jirani, aliyekuwa akila mezani kwao. Siku ile alikuwa dirishani, anacheka."

Akafunga mlango bila kuubamiza.

Jumatatu Solène aliingia ofisini kwa mkuu wa shule. Alitaja jina lake kwanza, kisha la Gaspard, kisha majina ya wengine. Wazazi waliitwa. Gaspard alisimamishwa masomo wiki mbili, Solène siku tatu. Mlio ukakoma. Lakini Solène aliporudi, wenzake walimwita msaliti na kusogeza meza zao mbali naye. Myriam alikuwa amehamia shule ya mji wa Strasbourg, na barua mbili za Solène hazikujibiwa.

Akaenda kumwuliza Madamu Ostertag kama kusema kwake kulifaa kitu.

"Kutamfaa mtoto mwingine atakayekuja hapa," alijibu. "Myriam hakukumfaa. Zamani, tauni ilipoenea Ulaya, watu wa mji huu walizua kwamba Wayahudi wametia sumu visimani, wakawachoma moto. Sidhani kama wote waliuamini uongo ule, Solène. Wengi walinyamaza tu. Ukweli husemwa wakati bado unaweza kumwokoa mtu. Ukiuchelewesha, unabaki kuwa toba yako mwenyewe."