Kipimo cha Korido

Mchana wa Jumanne hiyo, Oktoba 1992, rafiki yangu Aimable alikula maharage kwangu, kisha akaazima utepe wa kupimia wa marehemu mke wangu, Aurore. Yeye na Aurore walikuwa wakipima majengo pamoja, kwa niaba ya ofisi ya mipango ya jiji. Aurore ndiye aliyeanzisha orodha ya majengo ya zamani ya serikali yanayopaswa kulindwa. Lilibaki jengo moja halijapimwa, na baraza la jiji lilikuwa linakutana kesho yake. Bila vipimo, jengo hilo lingebomolewa.

Yaliyofuata alinisimulia mwenyewe.

Mlinzi wa jengo alimtania mlangoni. "Leo uko peke yako, bwana? Nani atakushikia mwisho wa utepe?"

"Msumari, mzee. Huo hauombi chai."

Madirisha yalikuwa yamepigiliwa mbao, ndani giza. Aimable alitundika pete ya utepe kwenye msumari wa ukuta wa mwisho wa korido, akarudi mlangoni. Hapo akasikia pete ikianguka sakafuni. Kabla hajapiga hatua, utepe ukakazwa. Kisha ukuta ukagongwa mara mbili, taratibu.

Hivyo ndivyo Aurore alivyokuwa akimwambia asome.

Akasoma mita kumi na moja na nusu, akaandika, akatoka.

Asubuhi alirudi na mlinzi na taa, wakapima tena. Korido ina mita tisa. Nyuma ya ukuta wa mwisho hakuna chumba, kuna mteremko tu.

Aimable alikwenda barazani na kipimo cha jana.