Miwani Aliyonivisha Wafula

Nilikuwa nimevaa miwani ya kinga. Basi mwanga uliingiaje jichoni?

Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nimetoka chuo kikuu juzi tu, mwanamke pekee katika maabara ndogo ya leza huko Jinja, upande wa Kimaka. Nilikuwa mbishi. Baba, askari mstaafu, alizoea kusema, "Huyu binti akifika mbinguni atamwomba Mungu kitambulisho."

Kila kitu nilikihoji... isipokuwa Wafula. Alikuwa mkubwa wangu kazini, na tayari alikuwa amejitambulisha kama mchumba wangu nyumbani kwetu Nkoma, Mbale.

Leza yetu ilitoa mwanga kwa mapigo: tik, tik, tik. Mwanga wenyewe hauonekani. Ukipita ndani ya kipande cha fuwele, sehemu yake hugeuka kijani kikali. Nasi tulikuwa na mazoea mabaya: kijani kisipoonekana, tulisema mashine imelala.

Asubuhi ile Wafula aliitoa fuwele aisafishe. Kijani kikapotea, lakini tik, tik ikaendelea.

"Mbona bado inalia?" nikamwuliza.

"Mama Maswali!" Akacheka, akanivisha miwani ya rangi ya machungwa kwa mikono yake. "Haya, umekingwa. Inama urekebishe kile kioo cha kuelekeza mwanga."

Nikainama. Nikasikia mlio ndani ya jicho la kulia, kama punje ya mahindi inayopasuka kikaangoni. Kisha doa jeusi, katikati ya kila nilichotazama... Mpaka leo lipo.

Wafula alimwambia mkuu wetu kwamba nilivua miwani. Nani angeniamini mimi, mbishi wa siku zote? Nilifukuzwa. Nafasi ya kwenda kusoma ng'ambo, ambayo sote wawili tuliiomba, akapewa yeye. Posa nayo ikafa kimya kimya.

Nilirudi Nkoma. Jioni moja baba akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, kweli hukuivua?" Swali hilo liliniuma kuliko jicho. Alifariki kabla sijapata ushahidi wa kumwonyesha.

Dada zangu, pendeni, lakini msimkabidhi mtu macho yenu. Swali lako likijibiwa kwa kicheko, uliza tena. Na usiiname kabla hujajibiwa...

Miaka mingi baadaye alinitembelea mwenzetu aliyekuwa akitunza vifaa vya maabara. Aliniambia miwani ya machungwa ilizuia kijani tu. Ya kuzuia mwanga usioonekana ilikuwa moja, na asubuhi ile Wafula alikuja kabatini kuichukua, akaivaa yeye.