Manukato Yasiyomwagwa

Hebu vuta picha ya nyumba ya mawe juu ya mwamba. Chini yake bahari, nyuma yake kichaka cha mlima. Ni Agosti, na joto linakausha hata mate mdomoni. Ubavuni mwa nyumba kuna kibanda, na ndani ya kibanda kuna mtambo wa shaba wa kukeneka manukato, yaani kuyatoa kwa mvuke, wenye tumbo kubwa na shingo ndefu iliyopinda. Mtambo umepoa. Hakuna aliyeuwashia moto kwa wiki kadhaa.

Lakini harufu ipo.

Umeiona nyumba hiyo? Basi kaa nayo kidogo, nikusimulie.

Ilikuwa nyumba ya kaka yangu Matteu na mkewe Orsula. Huku kwetu Korsika, kila kiangazi walikeneka manukato ya kupoza mwili. Walitia maua ya manjano ya mlimani, yale yasiyonyauka hata yakikauka, majani ya mhadasi, rozmari, majani mazito ya chumvi yaotayo kwenye nyufa za miamba, na konzi ya mwani. Kilichotoka kilikuwa kiangavu kama machozi, na kilinukia mlima na bahari kwa pamoja. Ukijipaka shingoni mchana wa jua kali, unahisi kama mtu mwema amekupepea. Kijiji kizima kiliyapenda.

Julai ya mwaka ule, Matteu alitoka baharini kuchuma mwani, nywele zikimchuruzika maji, akainama kuchochea moto wa mtambo. Hakuinuka tena. Tulimbeba tukamlaza kitandani, na kabla jua halijatua alikuwa amekwenda.

Kwetu mtu akifia nyumbani, maji yote ya nyumba humwagwa nje ya kizingiti. Roho ikitoka huwa na kiu. Huingia katika maji inayoyakuta, ikanywa, ikaoga. Maji yakimwagwa, nayo hupata njia ya kuondoka. Yasipomwagwa... hapo wazee wetu walikuwa wananyamaza.

Kazi hiyo aliifanya jirani yetu, Bi Nunzia, mwanamke mwenye ulimi wa pilipili. Alimwaga ndoo, mitungi, birika, na vyombo vya maua.

"Hata maji ya paka nimemwaga," alituambia. "Paka kanitazama kama mwizi."

Tulicheka huku tunalia.

Jioni moja ya Agosti nilikwenda kwa wifi yangu kumwomba chupa ya manukato, kwa maana joto lilikuwa limenishinda. Nilibeba pia tini na jibini ya mbuzi kwa ajili ya Lesia, binti yao wa miaka saba. Bi Nunzia alikuwa mlangoni kwake, anajipepea kwa kifuniko cha sufuria.

"Saveria! Unakwenda kwa Orsula?"

"Ndiyo, Bi Nunzia."

"Mwambie atoke nje apate upepo. Kajifungia kama jibini inayosubiri kuiva." Alicheka mwenyewe, kisha akashusha sauti. "Na yule mtoto... jana nimemwona kavaa sweta. Sweta, mwanangu! Mimi hapa natamani kuvua hata ngozi."

Nilipanda njia. Jua lilikuwa limezama, na mawe bado yalikuwa ya moto chini ya viatu vyangu. Mlango wa nyumba ulikuwa wazi kidogo. Kabla sijabisha, harufu ikanipokea.

Mlima.

Bahari.

Na chini ya hizo, harufu ya tatu. Nywele mbichi za mwanamume, na moshi wa kuni.

Niliijua. Nilikua nayo.

"Hodi, wifi."

"Ingia," Orsula alinong'ona. "Usipige kelele."

Lesia alikuwa amelala kwenye kochi, na sweta yake, na blanketi juu. Midomo yake ilikuwa na rangi ya zabibu. Orsula alipiga magoti kando yake, anampaka shingoni kwa kiganja kilicholowa. Karibu yake palikuwa na dumu la kioo lililovishwa kikapu.

"Lesia, mpenzi, shangazi amekuletea tini."

"Asante, shangazi. Sili. Baba anasema kunywa kunatosha."

Nilijaribu kutabasamu. "Baba yupi, mama?"

"Si huyo hapo." Aliangalia miguu yangu. "Shangazi, unamkanyaga."

Nikatazama chini.

Sakafu ya mawe ilikuwa na nyayo za maji. Nyayo za mtu mzima, zinatoka mlango wa kibanda hadi kwenye kochi. Nilikuwa nimesimama juu ya mojawapo, na baridi yake ilipenya soli ikanipanda mpaka gotini.

Nilisogea. Sikujua nisogee wapi.

"Orsula. Manukato hayo ni ya lini?"

"Ya siku ile."

"Siku ile ipi?"

"Yalikuwa yanadondoka wakati tunamfumba macho."

Hapo nikaelewa. Bi Nunzia alimwaga kila maji aliyoyaona, lakini hakuna mtu kijijini kwetu anayeyaita haya maji. Kwetu ni manukato. Dumu lilibaki kibandani, chini ya mdomo wa mtambo, likijaa tone kwa tone. Roho ya kaka yangu iliyakuta. Kisha mtu akaja akatia kizibo.

"Wifi," nikasema taratibu, "yamwage."

Alilikumbatia lile dumu kama mtoto mchanga.

"Nimmwage? Saveria, unataka nimmwage kaka yako?"

Nilinyoosha mkono kulishika dumu, akalivuta kifuani.

"Nilijipaka siku moja tu, kwa ajili ya joto," alisema. "Akaja akakaa ukingoni mwa kitanda. Kwangu hasemi. Lakini yupo... Nikaona mtoto naye ampate baba yake. Ni vibaya?"

"Mtoto anakufa, Orsula."

"Ana baridi tu."

"Mwangalie midomo!"

"Ana baridi tu, nimesema!"

Lesia akakohoa. Maji yakamtoka kinywani, maangavu, yakatiririka juu ya blanketi. Ndani yake mlikuwa na ua dogo la manjano. Na uzi wa mwani.

Tone.

Tone.

"Baba hajui njia," mtoto alinong'ona. "Anataka nimshike mkono tutoke wote."

Mkono wake mdogo ulikuwa umeinuliwa hewani, vidole vimebanwa pamoja, vimekuwa vyeupe, kama vilivyofumbatwa na kiganja kikubwa kuliko chake.

"Mwachie, Lesia," nilisema. "Mwachie, mpenzi."

"Siwezi. Yeye ndiye kanishika."

Orsula aliutazama mkono ule. Uso wake siwezi kukueleza. Akasimama, akalibeba dumu peke yake. Nilipotaka kumsaidia alinisukuma kwa bega. Alipofika kizingitini, akavuta kizibo.

"Matteu," alisema. "Mume wangu. Njia ni hii."

Akageuza uso, kama desturi inavyotaka, akamimina.

Mbele ya mlango ule jiwe limeinama, na maji yakimwagwa hapo hukimbilia njiani. Sikutazama, lakini sikuyasikia yakikimbia. Nilisikia kitu kingine.

Gubu.

Gubu.

Gubu.

Kama mtu aliyetoka kazini juani, anakunywa bila kupumua.

Kisha hatua. Hatua za miguu mitupu na mibichi, zikishuka mwambani kuelekea baharini. Zilififia... zikaisha.

Nyuma yangu mkono mdogo ulianguka juu ya blanketi.

"Shangazi," Lesia akasema, "nasikia joto. Nivue sweta."

Lesia leo ni mama wa watoto wawili. Haikumbuki jioni ile. Mtambo tuliuuza.

Orsula ndiye aliyebaki. Alipomimina, manukato yalimrukia viganjani. Alinawa kwa sabuni, kwa siki, kwa jivu. Hata hivyo, kila mwaka joto la kwanza linapoingia, harufu ile inamtoka. Haitoki nguoni. Inatoka kwenye ngozi. Jioni hukaa kwenye benchi la jiwe la nje na shali mabegani, amejibana upande mmoja, na upande wa pili jiwe limelowa.

Labda roho haikuondoka yote. Labda ilirudi kwa sababu aliita. Sijui, na sijawahi kumuuliza. Watu wanasema ni mchawi, kwamba alificha chupa moja ili amfunge mumewe. Nimeipekua nyumba ile mwenyewe, chumba kwa chumba. Hakuna chupa.

Ukipita huku utawasikia wakimsema, nami siwezi kukuziba masikio. Nakuomba ukumbuke jambo moja tu. Mkono uliovuta kizibo ulikuwa wake.