Kisanduku cha Nne

Rafiki yetu Hussein wa Kitendaguro hujiita mhandisi wa tovuti, ingawa kazi yake yote ni kuchukua kiolezo kilichotengenezwa na wengine, kukipachika kwenye mfumo na kubadilisha rangi. Mchana mmoja Jovita, katibu wa ushirika wa wavuvi wa Bumbire, alimletea picha nne za viongozi za kuweka kwenye tovuti yao mpya.

"Huyu wa nne ni nani?" Hussein aliuliza.

"Mwenyekiti wetu, Rwegasira. Alizama ziwani mwezi uliopita. Wenzake wanataka abaki."

"Mama, tovuti si makaburi," Hussein alisema, akaifuta picha mbele ya macho yake. Jovita aliondoka bila kuaga. Hussein akazipanga zile tatu kwenye visanduku vinne vya kiolezo, cha mwisho akakiacha.

Mvua ikaanza kupiga bati, umeme ukakatika, chumba kikawa giza. Iliyobaki ikiwaka ni kompyuta mpakato tu. Katikati ya kelele za mvua Hussein akasikia kasia likikata maji, taratibu, kama vile lipo chini ya meza. Akasonya, akafungua ukurasa wa viongozi ahakikishe kazi imehifadhiwa. Kisanduku cha nne kilikuwa kitupu, cha kijivu. Lakini wale viongozi watatu, waliopigwa picha wakitazama mbele, wote walikuwa wamegeuza shingo wakikitazama.