Stika Niliyobandika Juu ya Ufa

Nina miaka arobaini na saba, nina mke na watoto watatu, na nyumbani kwangu ni Ijuganyondo, hapa Bukoba. Wanaonifahamu watakwambia mimi ni mtu wa maneno mengi na kichwa kigumu. Hawajakosea! Ila leo, ndugu msomaji, maneno hayatoki kirahisi. Nimechana karatasi mbili kabla ya hii.

Nianzie kwenye gari.

Kwa miaka kumi na mitatu nilikuwa dereva wa pikapu ya tajiri mmoja wa samaki. Nilikuwa nachukua mzigo kwenye mialo ya Muleba, wanakoshusha wavuvi wa visiwani, nauleta Bukoba mjini. Mvua, tope, milima... gari lile halikuniacha njiani hata siku moja! Kila asubuhi nilipangusa nembo yake ya mbele kwa kitambaa safi. Mke wangu, Justa, alikuwa akinitania kwamba yeye hajawahi kupanguswa uso namna hiyo.

Halafu tajiri akauza gari. Nikarudi nyumbani, nikawa nashinda kwenye kibanja, katikati ya migomba yangu, napunguza majani makavu huku majirani wakiniuliza kama niko likizo. Likizo gani isiyoisha? Niliumia sana, jamani.

Siku moja nilikwenda mjini kununua dawa ya kuku. Kwenye mlango wa duka moja nikaiona. Baiskeli nyeusi inayong'aa, yenye gia nyingi, na katikati ya fremu ina bawaba ya kuikunja ili iingie kwenye buti ya gari. Na mbele, chini ya usukani... nembo ya gari langu! Ile ile!

Nilisahau dawa ya kuku.

Bei yake ingenunua baiskeli nne za kawaida. Muuzaji aliniona ninavyoishangaa, akaniuliza kama kweli kampuni kubwa ya magari inaweza kuweka jina lake kwenye kitu kibovu. Nikamwona mtu mwenye akili sana! Wiki ile ile niliuza mtamba wetu, ambaye Justa alikuwa akimlea atupe maziwa. Nikauza na baiskeli ya chuma ya marehemu baba yangu, ile nzito iliyobeba mikungu ya ndizi tangu mimi nikiwa sijaanza shule. Justa alilia siku mbili kwa ajili ya yule mtamba. Mimi nilikuwa nje napangusa nembo.

Baiskeli haikuwa na keria, kwa hiyo nikaipeleka Kashai kwa fundi Laurian, mzee aliyetengeneza baiskeli maisha yake yote. Aliizungusha, akaigonga kwa ukucha, akaikunja na kuikunjua, akatikisa kichwa.

"Baba Koku," akaniambia, "hawa ni watu wa magari. Baiskeli hii wameitengeneza wengine, jina wamelikodi tu. Ni ya mtu wa ofisini, barabara tambarare, begi mgongoni. Milima yetu na mikungu yetu haitaiweza. Hapa kwenye bawaba ndipo itakapokufa."

Unadhani nilisikia? Nilimcheka mbele ya wateja wake! Nikamuuliza kama amewahi kuendesha hata trekta. Watu wakacheka, mzee wa watu akainama, akanifungia keria kwa boliti. Aliponikabidhi aliniomba kitu kimoja tu, kwamba nisiache kuangalia bawaba ile kila wiki.

Miezi mitatu nilitamba. Jumapili, baada ya ibada, niliiegesha pale mlangoni pa kanisa ili Walutheri wenzangu waione vizuri. Nyumbani nilirudia maneno yale yale kila siku: hii haivunjiki, hii ni ya kampuni ya magari! Hata mtoto wangu mdogo aliyaimba akioga. Yakumbuke maneno hayo, msomaji.

Kisha ukaja mlio.

Tik... tik... Kila nilipofunga breki kwenye mteremko. Nikapaka grisi. Ukaendelea. Asubuhi moja nikiwa peke yangu nyuma ya nyumba niliipindua baiskeli, nikafuta vumbi kwenye bawaba, na pale nikaona mstari mwembamba kama unywele. Nilipitisha ukucha. Ukucha ukakwama.

Ulikuwa ufa.

Nilikaa chini pale pale kwenye majani. Nilijua maana yake, mimi niliyekuwa dereva! Chuma kikianza kufunguka hakirudi. Lakini nilimfikiria fundi Laurian na wateja wake. Nilimfikiria Justa na mtamba wake. Ningesema nini?

Baiskeli ile ilikuja na stika za ziada zenye nembo ile ile. Nilichukua moja... nikaibandika juu ya ufa. Niliipapasa mpaka ikalala vizuri. Ndiyo, mimi! Kwa mikono yangu hii.

Nilijiambia nitatafuta mtu wa kuichomelea, kimyakimya, mbali na Kashai. Wiki zikapita. Mimi mwenyewe sikuipanda tena. Nikasema goti linaniuma. Justa akanichemshia majani ya kukanda, Koku akawa ananikanda goti jioni. Goti zima kabisa! Nililinyoosha mbele ya mtoto, nikawa naguna.

Koku ni binti yangu wa kwanza, alikuwa na miaka kumi na minne. Mnyenyekevu, ana sauti nzuri, anaimba kwaya ya vijana. Ndiye aliyekuwa akiiosha baiskeli ile kila Jumamosi, kwa sababu alijua baba yake anaipenda.

Ulipofika msimu wa senene, wale panzi wetu wa kukaanga, nilipata habari kwamba mfanyabiashara mmoja wa samaki huko Muleba anatafuta dereva. Nilipanda basi alfajiri. Baiskeli nikaiacha imeegemea ukuta wa jiko, haina kufuli, na sikumwambia mtu chochote. Hebu fikiria... Mimi nilikuwa naiogopa, nikaiacha na wanangu!

Mambo ya kazi yalikwenda vizuri. Karibu saa sita mchana nilimpigia Justa nikiwa na furaha nyingi. Naye akanipa habari za kwao. Mama yake, anayekaa Kemondo, alikuwa ameamka na homa, hana hamu ya kula, anataja senene tu. Koku amewanyonyoa, amewakaanga, amewatia kwenye kopo, amefunga na mkungu wa ndizi, amekwenda kumwona bibi yake. Ameondoka sasa hivi.

Nikamuuliza amekwenda na nini.

"Na baiskeli yako. Alitaka kupanda gari, nikamwambia achukue hiyo. Si ulisema haivunjiki?"

Barabara ya kutoka kwetu hadi Kemondo unaijua? Inapanda, inashuka, na mwishoni inateremka kuelekea ziwani kwa mwendo mrefu, unafunga breki mpaka mikono inauma. Nilimwona mwanangu juu ya bawaba ile, na mkungu nyuma...

Sasa sikiliza jambo ambalo limenifanya niandike. Kaka yake Justa ana kibanda cha vocha palepale juu ya mteremko wa Kemondo. Ana simu. Ningesema, "Justa, baiskeli ina ufa, mpigie kaka yako amsimamishe mtoto," ingekuwa imekwisha. Maneno tisa tu!

Unajua nilisema nini? Nilisema, "Aa, sawa. Hakuna shida."

Hakuna shida! Nilimwogopa mke wangu kuliko nilivyoogopa kifo cha mwanangu. Nilitaka kufika mwenyewe, nimzuie mwenyewe, siri yangu ibaki mfukoni. Nikakata simu, nikakimbilia pikipiki, nikamwambia dereva Kemondo, haraka, nitalipa anachotaka.

Safari ile sitaisahau mpaka naingia kaburini. Nilimshika dereva mabega mpaka akalalamika kwamba namuumiza. Kila baiskeli iliyotokea mbele nilinyoosha shingo. Huyu si Koku... huyu mwanamume... huyu kabeba mkaa... Niliomba. Nikamwahidi Mungu nitasema kila kitu, mbele ya kanisa zima, ilimradi nimkute anatembea. Nilipiga hesabu ya mwendo wake mara kumi, na kila mara nilimfikisha salama. Nilijidanganya hata pale.

Tulipita Kemondo senta, tukaanza kupanda upande wa Bukoba. Nikawaona watu. Wamesimama duara, kandokando ya barabara, wanawake wameshika vichwa.

Mama wee! Nilishuka pikipiki ikiwa inatembea.

Kitu cha kwanza nilichokanyaga ni senene. Walikuwa wametapakaa kwenye lami, wamekaangwa vizuri, wengine bado wanang'aa mafuta. Ndizi zimepasuka. Baiskeli ilikuwa vipande viwili. Kipande cha mbele kilikuwa mtaroni, na nembo yake nzima, haina hata mkwaruzo.

Mama mmoja aliyekuwa akiuza maparachichi alikuwa amekaa chini, kichwa cha Koku kiko mapajani mwake. Taya la mwanangu lilikuwa limekwenda upande. Mguu wake wa kulia... niache hapo. Nilipiga magoti. Alinitambua. Akajaribu kusema, damu ikitoka, na mimi nikainamisha sikio.

"Tata, nisamehe," akasema. Ndivyo wanangu wanavyoniita, Tata, yaani baba. "Nimevunja baiskeli yako."

Enyi wazazi! Nilipiga ukelele pale barabarani, watu wakadhani ni uchungu wa baba. Hawakujua ni uchungu wa namna gani.

Koku alilazwa Bukoba wiki nyingi. Alifungwa taya kwa waya, akatiwa chuma pajani. Hakuweza kusema, akawa anaandika kwenye daftari. Wageni walimiminika, na kila mmoja aliilaani kampuni ya magari. Unadhani nani alilaani kwa sauti kubwa kuliko wote? Mimi! Nilikwenda hadi dukani nikafanya fujo, nikatolewa nje. Nikarudi wodini nikapewa pole. Fundi Laurian naye alikuja, ameleta maziwa. Hakunikumbusha hata neno moja, akanishika mkono tu, na mimi nikashindwa kumtazama.

Siku moja Justa alipotoka kwenda kufua, Koku aliandika, akanisogezea daftari. Nakumbuka kila neno. "Tata, kuna stika ilikuwa inabanduka pembeni. Niliilowanisha nikaibandika tena vizuri, ili usione imeharibika. Labda maji yaliingia ndani ya chuma. Labda ni mimi."

Nilisoma mara mbili. Nikatabasamu, nikamwambia asijali, nikachana ukurasa ule, nikautia mfukoni. Nikaenda chooni nikatapika.

Alirudi nyumbani kwa magongo. Kwaya imekwisha, taya halifunguki sawasawa. Lakini kilichonitisha si magongo. Mtoto alianza kuniogopa kwa sababu ya deni ambalo hana! Hakuomba daftari, hakuomba sabuni. Alimwambia mama yake kwamba akipona atalima vibarua ili aninunulie baiskeli nyingine. Usiku na mchana nilijiuliza: nikinyamaza, ataishi miaka yote akiamini alijivunja mwenyewe? Nikisema, atabaki na baba?

Nilisema. Ilikuwa asubuhi, Justa anamenya ndizi nje ya jiko, Koku amekaa kwenye mkeka. Nilitoa ule ukurasa mfukoni, nikaanza na ufa, nikaenda na stika, nikamaliza na ile simu ya Muleba. Nilisema mpaka "hakuna shida". Sikuacha kitu.

Justa aliweka kisu chini. Koku akauliza swali moja tu, kwa ile sauti yake mpya isiyotoka vizuri.

"Tata, goti lako... lilikuwa haliumi?"

"Halikuwa linauma, mwanangu."

Akavuta magongo yake, akaingia ndani.

Ni miezi mingi sasa. Ananiamkia kwa heshima zote, ananiandalia maji ya kunawa. Lakini haniiti Tata tena. Ananiita "mzee", kama mpangaji wa nyumba ya jirani. Siku hizi anacheka na wadogo zake, hazungumzii tena vibarua, na hilo namshukuru Mungu. Mzigo nimeubeba mimi, ni wangu. Justa amekitundika kile kipande cha fremu kwenye ukuta wa jiko, chenye stika na ufa vyote, na kila asubuhi nanawa uso mbele yake.

Wasomaji wenzangu, najua mtaniuliza kama baiskeli hizi za bei mbaya zenye majina ya magari zinafaa kununuliwa. Sijui hata kama nembo ile ilikuwa ya kweli. Ninachojua ni kwamba gari ni gari, na jina halishiki mzigo. Kabla hujauza mtamba, mwite fundi anayezijua barabara zako, halafu umsikilize, hata kama watu wanakucheka. Mimi ningemsikiliza Laurian, Koku angekuwa anaimba Jumapili hii.

Lakini baiskeli ilivunjika kwa sababu ya ufa. Mwanangu alivunjika kwa sababu yangu. Nakusihi, baba mwenzangu unayesoma haya: kama nyumbani kwako kuna kitu unachokiogopa na umewaambia watu wako kwamba ni kizima, inuka sasa hivi. Usingoje Jumatatu. Usingoje kupata maneno mazuri. Waambie kabla hawajapanda.