Pipa Lisilotobolewa

Kikombe kilimponyoka Amina kikaanguka ndani ya pipa, na maji hayakutoa sauti.

Alibaki ameinama, mkono mmoja kwenye ukingo, mwingine chini ya tumbo lake, akingoja ule mlio ambao kila mtu aliyewahi kuchota maji anaujua. Haukuja. Kikombe kilizama polepole na uso wa maji ukabaki laini kama hakuna kilichoupita.

"Mashaka," aliita. "Kuja uone kitu."

Mumewe alitoka na kandambili mguu mmoja. Alitega sikio, akacheka. "Hiyo ni masikio ya mimba. Juzi ulisema sabuni inanuka samaki."

Amina naye akacheka, maana alitaka kucheka. Mimba mbili zilikuwa zimemtoka kabla ya hii, na mama wakubwa wa mtaa wao wa Bulengera walisema sababu ni ule mlima wa Butembo: kushuka kwenye chemchemi, kupanda na bidon ya maji mgongoni, kamba ikikata paji la uso. Ndiyo maana Mashaka alimletea pipa. Lilikuwa la rangi ya bleu, nene, na mfuniko wake wa kubana. Alilitegesha chini ya mabati mvua ilijaze. Amina alilishika siku ile kama mtu anayeshika ng'ombe wa mahari.

Mashaka hakumwambia lilikotoka.

Alikuwa na Fuso yake, na kiwanda kimoja cha kusafisha dhahabu upande wa Mutwanga kilikuwa kimempa kazi ya kupeleka mapipa matupu Beni yakayeyushwe. Mapipa yale yalikuwa yamebeba dawa za sumu, na mzigo wa namna hiyo una sheria zake. Fuvu la kichwa libandikwe mbele na nyuma ya gari. Abiria hapana, chakula hapana. Karatasi iandamane na mzigo toka mlango wa kiwanda hadi mlango wa tanuru. Na kabla ya yote, kila pipa litobolewe kitako na ubavu, kwa sababu tunajulikana sisi watu: pipa zuri hatuwezi kuliacha. Tutaliosha, tutaweka maji, tutaweka pombe ya kasiksi ya harusi.

Mashaka alitoboa tangu asubuhi, kwa chuma na nyundo. Kila pipa lilitoa pumzi fupi yenye kunuka, likanyamaza. Alipoweka ncha ya chuma kwenye la mwisho, ndani yake alisikia kitu kama mtu anayesafisha koo kabla ya kubisha hodi. Akaondoa chuma. Alijiambia ni upepo. Aliangalia unene wa plastiki ile, akamfikiria mke wake na ule mlima, akalificha pipa nyuma ya kabini chini ya turubai.

Kisha akaja Madame Eliane, mkaguzi wa mazingira toka Beni, na muhuri wake.

"Zote zimetobolewa, papa Mashaka?"

"Zote, madame."

"Nipande niangalie?"

Mvua ilikuwa inaanza na matope yalikuwa mengi. "Usijichafue, mama. Wallahi, zote."

Eliane akatia muhuri. "Mutu wa kuswali hapana danganya," alisema, akamrudishia karatasi yake.

Neno lile, wallahi, lina uzito, na Mungu atusamehe, wengi wetu tunalitupa mdomoni kama chumvi ndani ya chungu. Mashaka alilitupa, akawasha gari.

Nyumbani alilisugua pipa kwa majivu, kwa mchanga, kwa sabuni ya unga, mpaka likang'aa. Jirani yao Kavuo alikuwa wa kwanza kuja kusalimu na kulisifu.

"Wavukire, muke wa Mashaka! Sasa utashuka tena na sisi maskini? Uko na mto kwa nyumba!"

"Kuja uchote, dada. Mvua ni ya Mungu."

Kavuo alichota mara moja tu. Alirudi na besheni yake imejaa vilevile, akaimwaga mtaroni.

"Amina, hii maji inanuka chuma ya moto. Na kuku yangu imeangalia ndani ya besheni, ikakimbia kama imeona mwewe. Ndani ya besheni, dada! Mwewe hukaa juu, hapana chini. Eh, Nyamuhanga, Mungu wetu!"

"Kuku yako iko na wivu kama mwenyewe," Amina alimjibu, na wakacheka wote wawili. Lakini toka siku hiyo Kavuo alipita upande mwingine wa barabara.

Amina hakuweza tena kunywa maji mengine. Ya chemchemi yalimtapisha. Mashaka alimkemea, akamletea maji ya chupa toka dukani, naye akayamwagilia maua. Akaanza kukaa chini karibu na pipa, sikio limegusa ubavu wake, kama mtu anayesikiliza radio ya jirani. Mashaka alimpeleka hospitali. Muuguzi alisikiliza tumbo, akasema moyo wa mtoto unapiga vizuri sana, tena kwa nguvu ambayo yeye hajapata kuisikia.

Alasiri moja Mashaka alirudi mvua ikipiga mabati kiasi cha mtu kutosikia hatua zake mwenyewe, akapita uani na kumkuta mke wake amelikumbatia pipa kwa mikono miwili, shavu limebanwa kwenye plastiki, macho yamefumbwa, akitabasamu kama mwanamke anayenong'onezwa na mume, na alipoinama amnyanyue, katikati ya kishindo kile cha mvua ambacho kilipaswa kufunika kila sauti, akasikia ndani ya pipa mwanaume anaongea taratibu, bila haraka, kwa sauti ambayo Mashaka aliijua kuliko zote za dunia kwa sababu ilikuwa yake mwenyewe, ikisema: zote, zote, zote.

Siku iliyofuata alimpigia simu Maalim Hamisi wa Beni, mzee anayewasomea wenye majini.

Maalim alifika kabla ya adhuhuri. Alifukiza ubani, akamketisha Amina juu ya mkeka, akaanza kusoma. Hakuwa mtu wa makelele. Alisoma mpaka kidevu cha Amina kikaanguka kifuani, na kilipoinuka, macho yalikuwa yanaangalia ukuta uliokuwa nyuma ya Maalim kana kwamba yeye hayupo.

"Wewe nani?" Maalim aliuliza.

"Mpangaji."

"Nani alikuingiza kwa mwanamke huyu?"

"Mwenye nyumba." Kidole cha Amina kilinyooka kwa Mashaka. "Nilikuwa ndani ya pipa, kwenye uchungu wangu wa sumu, sina shida na mtu. Huyu akaapa, kwa jina ambalo hata sisi tunaliogopa, kwamba nyumba yangu imevunjwa. Mimi ni nani nibishane na kiapo? Aliyevunjiwa nyumba anatafuta nyingine. Nikapata hii. Ni ya mviringo, iko na maji, na ni ya joto kuliko ile." Mkono wa Amina ulishuka ukapapasa tumbo, polepole, kama mtu anayepapasa kitambaa sokoni. "Kuna mdogo mmoja ndani. Bado hatujaelewana."

Mashaka alitoka nje, na Maalim alipomfuata akamweleza yote, pipa na kiapo mbele ya mkaguzi. Maalim alimshika begani, akasema kwa sauti ya chini: "Sikiliza vizuri. Kwanza mdomo, kisha chuma. Utaenda Beni mbele ya yule mama, useme: niliapa uongo, pipa iko nzima, iko kwangu. Kiapo kikianguka, pipa itakuwa tena nyumba yake, naye atarudi humo, maana anaipenda. Hapo tutafunga mfuniko na kuitoboa akiwa humo ndani, mimi na wewe. Umesikia?"

"Maalim, batanifunga. Batakamata gari."

"Ndiyo. Batakufunga."

"Mais, lakini mimba ikitoka nikiwa kwa prison?"

"Nimekuambia dawa. Sikusema ni tamu. Na mpaka uende, usiguse pipa."

Mashaka aliahidi. Alitaka kwenda, hilo lazima lisemwe. Aliosha hata shati. Lakini woga ni mwanasheria hodari, na usiku kucha ulimtetea: kosa ni nini? Kosa ni karatasi kusema pipa limetobolewa, nalo halijatobolewa. Basi likitobolewa, karatasi inakuwa ya kweli. Karatasi ikiwa ya kweli, uongo uko wapi? Jini atashika nini?

Ijumaa, mwadhini alipoita na wanaume wenzake wakashuka msikitini, Mashaka alibaki. Alichukua chuma na nyundo. Alipiga kitako, akapiga ubavu. Maji yalitoka kwa wingi, yakapita miguuni mwake na kuteremka mlima, hayana sauti hata kidogo, na ndani ya nyumba Amina alitoa pumzi moja ndefu, ya mtu aliyetua mzigo.

Alipokimbilia ndani, alimkuta amekaa kitandani, uso mtulivu.

"Niko na njaa," alisema. "Tuna sombe?"

Alikula sahani mbili za majani yale ya muhogo. Alikunywa maji ya chemchemi na hakutapika. Mashaka alianguka kifudifudi akamshukuru Mungu, akilia, na jioni alimpigia Maalim kwa furaha.

Maalim alikuja asubuhi. Aliliona pipa uani, limelala na matundu yake, na hakukaa.

"Nilisema kwanza mdomo."

"Lakini amepona, Maalim! Anakula, anacheka..."

"Mpangaji ndiye ameridhika. Kabla, alikuwa na pa kurudi. Sasa nyumba yake umeivunja kweli."

Mashaka aliingiza mkono mfukoni. Alitoa simu, akampigia Madame Eliane palepale, na akaungama yote kwa mfululizo, turubai, kiapo, mvua, kila kitu, Maalim akiwa anasikiliza.

Eliane alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza: "Sasa hivi pipa iko na matundu?"

"Iko nayo, mama, lakini..."

"Kitako na ubavu?"

"Ndiyo, mama."

"Donc, basi, inalingana na karatasi. Itume Beni na gari lingine, tumalize. Siwezi kufuta kitu ambacho ni kweli, papa." Akakata.

Maalim alikuwa ameshaweka mfuko wake begani.

"Na mtoto wangu?" Mashaka alimuuliza.

"Umemsikia mwenyewe. Alisema hawajaelewana." Mzee aliteremka mlima, hakugeuka nyuma.

"Baba!" Amina aliita toka chumbani, sauti imejaa furaha. "Kuja ushike, anacheza!"

Mashaka aliingia. Amina alichukua mkono wake akauweka juu ya kitenge, na chini ya ngozi iliyokaza vidole vilikuja kukutana na vyake, kimoja kimoja, virefu kama vyake, vipana kama vyake, vikajipanga sawasawa, vikamshika. Alijaribu kuutoa mkono. Ulikuwa umeshikwa.

"Iko na nguvu!" Amina alisema, machozi ya raha machoni. "Ongea naye, baba. Anakungoja."

"Asante kwa nyumba," ilisema sauti ya Mashaka.

"Nyumba gani tena?" Amina aliuliza, akicheka.

Mashaka hakuwa amefungua mdomo.