Gauni la Kipimo

Jioni ile nilikwenda kwa fundi cherehani kuchukua gauni langu. Chumba chake kilikuwa cha mwisho katika nyumba tuliyopanga, kando ya bomba. Mwanangu nilimbeba mgongoni. Mume wangu alikuwa safarini na lori, kama kawaida yake.

Katika mji ule, fundi peke yake ndiye aliyeniita "mwanangu". Wapangaji wengine waliniita Mgeni, ingawa mtoto wangu alizaliwa palepale. Mimi si msemaji. Nikisalimia, sauti inaishia kooni. Lakini kwa fundi niliongea hadi giza likaingia.

"Niletee gauni ulilotoka nalo kwenu, nikukatie jipya kwa kipimo chake," aliniambia siku moja kabla ya hapo. "Ila usilifue."

"Lina jasho, mama."

"Ndivyo nitakavyo. Nguo iliyofuliwa hainiambii mwenyewe yukoje."

Nilicheka. Nikampa.

Kila jioni alishona, tu-tu-tu-tu, huku akiniuliza habari za kwetu. Mlangoni unabishaje? Mama yako anakuita jina gani la utani? Ukiingia, unakaa wapi? Nikamweleza yote. Kuyasema tu kulikuwa kama kufika. Siku moja akacheka... nikashtuka. Kile kicheko kilikuwa changu. Mwanangu akamnyooshea mikono.

"Mama," akamwita.

Nikajiambia, watoto ndivyo walivyo.

Basi jioni ile nilibisha hodi. Kimya. Nikasukuma mlango.

Chumba kitupu. Hakuna kitanda, hakuna hata kipande cha kitambaa. Ilibaki cherehani tu, gurudumu lake likizunguka polepole... likizunguka... bila mtu. Palinuka udongo mbichi. Na ndani ya harufu ile palikuwa na nyingine niliyoijua.

Jasho langu mwenyewe.

Nikatoka mbio. Mama muuza mkaa alikuwa barazani akifunga magunia yake.

"He! Mgeni, umesahau nini tena?" akanitania. "Si umeaga sasa hivi? Leo ulimi wako umefunguka, vicheko mpaka barabarani! Eti unarudi kwenu moja kwa moja. Lakini shoga, mtu anakwenda kwao na gauni kuukuu vile?"

"Mimi?"

"Kwani nani? Na mtoto mgongoni."

Nikampapasa mwanangu. Alikuwa na joto, anapumua.

Kwetu ni safari ndefu, basi linalala njiani. Nikampigia mama simu haraka, nimwambie asimfungulie mtu mlango. Simu iliita, ikaita. Akapokea kwa kunong'ona.

"Mama, ni mimi. Akija mtu..."

"Amefika."

Nyuma yake nilisikia vyombo vikigongana. Mtoto akilia. Na mtu akicheka... kicheko changu.

"Mama, huyo si mimi! Mwanao ni mimi!"

Nikasikia akisogea mbali na kile kicheko.

"Najua," akasema.

"Unajua?"

"Nimekuzaa, nitakosaje kukujua? Kila simu nakuuliza utarudi lini. Kila simu unaniambia, mtoto akikua, mama. Huyu sikumwuliza. Amekuja mwenyewe, amebisha kama wewe, amekaa pale unapokaa. Nyumba ilikuwa kimya sana, mwanangu."

"Nitakuja kesho! Naapa, nitakuja!"

"Usije," akanong'ona. "Nafasi yako ina mtu."

Akakata.

Mume wangu aliporudi nilimsimulia. Akasema ni upweke tu, nitazoea. Sijazoea. Siku hizi nikipiga, mama hashiki simu. Anapokea yule mwingine. Ananisikiliza nikilia mpaka ninyamaze mwenyewe. Kisha ananiuliza taratibu, kwa sauti yangu, kama watu wa nyumbani wanavyomwuliza mtu aliyeondoka zamani:

"Ninyi wa huko, hamjambo?"